Majina yaliyo chini ya mvuke wa Olkaria

Mwalimu awapelekaye wanafunzi wake Olkaria, karibu na Naivasha, huwaeleza mengi kabla hawajaingia katika lile bwawa la maji moto lililofunguliwa mwaka 2013. Huwaambia kwamba maji yale yametoka chini sana ardhini, kwamba mvuke umekwisha kutengwa nayo ili uzungushe mitambo ya umeme, na kwamba ile rangi ya samawati yenye weupe wa maziwa inatokana na silika. Hiyo ni elimu, nami sina neno nayo. Nimeoga humo mara mbili. Viungo hulegea, ingawa harufu ya mayai viza humfuata mtu hadi nyumbani.

Ninalolalamikia ni lile lisiloelezwa. Miongoni mwa wanafunzi niliofuatana nao, hapakuwa na hata mmoja aliyejua maana ya neno Olkaria. Ni neno la Kimaasai, nalo ni ule udongo mwekundu ambao wenyeji hujipaka. Mlima Eburru, ng'ambo ya ziwa, umepata jina lake kutokana na moshi, yaani ule mvuke utokao ardhini. Naivasha yenyewe ni Naiposha iliyopotolewa na ndimi za wageni: maji yasiyotulia. Kabla ya visima vya kwanza kuchimbwa Olkaria katika miaka ya 1950, wafugaji walikuwa wamekwisha kuichora ramani hii kwa maneno.

Leo visima huitwa OW pamoja na nambari. Nambari humfaa mhandisi. Lakini mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa ili kupisha mtambo wa Olkaria IV, na mtu ahamapo, majina ya miamba na mashimo ya mvuke huhama naye au hufa. Hutangulia kufa yale madogo, ambayo hayamo katika ramani yoyote.

Baadhi ya walimu wa Kiswahili watasema Kimaasai si somo lao. Sikubaliani nao. Wenzetu wa Tanzania wana neno jotoardhi. Sisi tungali twasema "mvuke" tu, uwe ni wa Olkaria au wa birika la chai. Lugha inayotafuta istilahi yapaswa kumsikiliza jirani aliyetangulia kupaita mahali.

Katika safari ijayo, basi, mwanafunzi akishajikausha maji aketi na wazee wa vijiji vya karibu, aandike majina kumi pamoja na maana zake. Mwalimu na ayasahihishe kama insha nyingine yoyote.