Barafu yetu iliyoko Ohio

Baridi ya Julai imetubana hapa kwetu Msamala. Alfajiri watu wanapita wamejitanda vitenge, na jioni jiko la mkaa halikosi mikono juu yake. Wageni wa Njombe wanatuambia hii si baridi.

Na kweli, kuna baridi inayoizidi mbali: tarehe 21 Julai 1983, kituo cha Vostok, Antaktika, kilipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Kwenye Ncha ya Kusini, kituo cha Amundsen-Scott sasa kiko gizani: jua lilizama Machi, litachomoza Septemba. Watu kama 40 wamebaki huko tangu Februari, na kwa kawaida ndege hairudi mpaka Oktoba au Novemba. Wanaoga mara mbili kwa wiki, dakika mbili tu, ingawa wamekalia barafu ya zaidi ya kilometa mbili na nusu. Kinachobanwa ni mafuta ya kuiyeyusha. Mama wa hapa anayekadiria mkaa kabla ya kubandika maji anaijua hesabu hiyo.

Vipimo vikuu vya hali ya hewa husomwa kwa wakati mmoja duniani kote. Kwetu mojawapo ya nyakati hizo ni saa tisa usiku. Nikizinduka saa hiyo nawakumbuka wapimaji wa kule Ncha ya Kusini.

Mtoto wa jirani, aliponisikia nikizungumzia barafu hiyo, kaniuliza: “Babu, barafu ya Kilimanjaro ina ladha gani?” Yeye barafu anayoijua ni ile ya kufyonza, ya dukani. Nikamsimulia habari za mwaka 2000, watafiti wa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State walipopiga mahema kileleni na kutoboa barafu mara sita. Ya chini kabisa waliikadiria kuwa na miaka 11,700. Katika barafu waliyoitoa mna pia tabaka la vumbi, alama ya ukame mkali wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Walioishusha ni wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Jina la Thompson nimelisoma mara nyingi. La mgumu hata mmoja sijalikuta, na hilo linaniuma.

Thompson alikadiria barafu ya mlimani ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, imebaki vipandevipande. Ile ya kale imehifadhiwa kwenye majokofu mjini Columbus, Ohio. Natamani kipande kimoja kirudi, kiwekwe kwenye chuo chetu kimojawapo, mtoto huyu alione lile vumbi kwa macho yake.