Kumi na Nane kwa Kipimo Kipi?

Katika filamu ya The King's Speech ya mwaka 2010, Mfalme George wa Sita wa Uingereza ana kigugumizi, na mtaalamu anayemtibu anamhimiza atukane ili ulimi ulegee. Mfalme anatukana mfululizo, wakiwa wawili tu chumbani. Hamtukani mtu yeyote. Marekani waliyahesabu matusi hayo wakaipa filamu daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Bodi ya Uingereza, BBFC, ilianza na miaka 15, kisha wasambazaji walipokata rufaa ikashuka hadi 12A na kueleza kwamba lugha kali iliyomo ni sehemu ya matibabu ya usemi. Miaka miwili kabla ya hapo ilitoka The Dark Knight, ambamo mhalifu Joker anamuua mtu kwa kumgongesha kichwa kwenye penseli iliyosimamishwa mezani. Hiyo ilipata PG-13. Mtoto wa Marekani wa miaka 13 aliweza kuitazama bila mzazi wake, lakini kwa mfalme mwenye kigugumizi alihitaji kusindikizwa.

Sidhani waliotoa alama hizo walikuwa watu wabaya au wavivu. Tatizo liko kwenye kipimo. Tusi linahesabika: moja, mawili, matano, na likivuka idadi fulani daraja linapanda. Uchi nao ama umeonekana ama haukuonekana. Ukatili hauhesabiki hivyo. Ngumi mia zisizotoa tone la damu zinaweza kumzoesha mtoto kuamini kwamba kipigo hakiumi, ilhali kifo kimoja kinachoombolezwa ipasavyo kinaweza kumfundisha thamani ya uhai. Bodi inayotegemea hesabu itambana anayesema na kumpisha anayepiga.

Daraja la PG-13 lenyewe lilizaliwa mwaka 1984 kutokana na malalamiko ya wazazi. Walikuwa wamewapeleka watoto kutazama Indiana Jones and the Temple of Doom na Gremlins, zote zikiwa na alama ya PG, na watoto wakashuhudia moyo ukinyofolewa kifuani mwa mtu. Steven Spielberg, aliyehusika na filamu zote mbili, alipendekeza liwepo daraja la katikati, kati ya PG na R. Nia ilikuwa njema, lakini kampuni za filamu zikaligeuza daraja hilo kuwa shabaha ya biashara: punguza matusi na damu, bakisha bunduki, uza tiketi kwa vijana wote. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ukatili wa bunduki katika filamu maarufu za PG-13 ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu tangu 1985, na kwamba mwaka 2012 ulizidi hata ule wa filamu za R.

Nisieleweke kwamba nataka dunia nzima iwe na alama moja. Fifty Shades of Grey ilipotoka mwaka 2015, Ufaransa iliiruhusu kuanzia miaka 12, Uingereza ikasema 18, Kenya ikaipiga marufuku. Tofauti hizo hazinisumbui sana. Kila jamii ina haya zake, na ina haki ya kuzilinda mbele ya watoto wake. Ninachodai ni kwamba bodi ya nchi moja itumie mizani ileile kwa filamu ya Hollywood na kwa filamu ya kijana wa Nairobi, na kwamba ikiulizwa umri ijibu umri.

Kwa sababu hiyo kesi ya filamu ya Rafiki inaniuma. Wanuri Kahiu aliitengeneza kutokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, na mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Inasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao ni mahasimu wa kisiasa. Lipo tukio moja ambalo mzazi yeyote angelifikiria mara mbili kabla ya kumwonyesha mtoto: umati unawavamia wasichana hao na kuwapiga vibaya. Hilo ni suala halali la umri. Mtoto wa miaka 10 atalala na hofu, wa miaka 16 anaweza kulijadili na mwalimu wake.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB, haikushughulika na umati. Iliipiga filamu marufuku Aprili 2018, ikisema inakusudia kueneza usagaji kinyume cha sheria za nchi. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa kubadilisha mwisho kwa kuwa ulijaa matumaini mno. Hebu tulitafakari sharti hilo. Wasichana ni walewale, kipigo ni kilekile, mapenzi ni yaleyale, lakini kilichoamua ni iwapo wahusika wanamaliza hadithi wakijuta au wakitumaini. Umri wa mtazamaji haumo kabisa katika hoja hiyo. Mtu wa miaka 60 alizuiwa sawasawa na mtoto wa chekechea.

Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu ipate sifa ya kushindania tuzo za Oscar, kwa sharti kwamba itazamwe na watu wazima waliotaka wenyewe. Watu walijaa ukumbini Nairobi. Siku saba zikaisha, marufuku ikarudi, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaiidhinisha. Sharti la jaji halikuwa geni: ni alama ya 18, ambayo bodi ilikuwa nayo tangu mwanzo.

Wapo wasomaji wetu wanaoamini kwa dhati kwamba filamu kama ile haifai kuonyeshwa, na ninawaheshimu. Lakini hilo ni swali la sheria na maadili ya watu wazima, na likiulizwa liulizwe kwa jina lake. Likifichwa nyuma ya ulinzi wa watoto, watoto ndio wanaopoteza, maana mzazi akishaona kwamba alama hutolewa kwa sababu nyingine, ataacha kuisoma hata pale inapomwonya kwa haki. Tena tuna historia mbaya katika jambo hili. Watawala wa Kiingereza katika makoloni yao ya Afrika walizoea kuruhusu filamu kwa Wazungu na kuizuia hiyohiyo kwa Waafrika, kana kwamba mtu mzima mweusi ni mtoto. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya Kenya, Sura ya 222, iliandikwa ukoloni ukikaribia kuisha. Bodi inayoitumia leo ina wajibu wa kujitenga na mazoea yale.

Wakati tunabishana juu ya filamu inayoonyeshwa katika ukumbi mmoja wa jumba la maduka, tazama watoto wanatazama wapi. Wako kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vya Dar es Salaam na kwenye kumbi za video za mitaani Nairobi, wakifuata filamu za mapigano ambazo DJ amezitafsiri na kuzichangamsha. Wako kwenye matatu, ambamo skrini haimuulizi abiria aliyevaa sare za shule ana miaka mingapi. Wako na simu ya mama. Kenya inavitaka vituo vya televisheni visirushe vipindi vya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, na ni kanuni nzuri, lakini kibandani hakuna saa kumi na moja wala saa nne. Ukali wote unamwangukia mtengenezaji filamu aliyejipeleka mwenyewe kwenye bodi na kulipa ada.

Makala za toleo hili zinatofautiana juu ya mengi, na baadhi ya waandishi wetu watanipinga waziwazi kuhusu Rafiki. Madai yangu kwa bodi zetu, ya Kenya na ya Tanzania, ni machache. Kila uamuzi uchapishwe pamoja na sababu zake, kwa Kiswahili ambacho mzazi wa Kariakoo au wa Kayole atakisoma bila wakili. Chini ya alama ya 16 iandikwe kilichoileta: umati unawapiga wasichana, baba anampiga mama, mtu anatukana kwa hasira. Rufaa isikilizwe na watu ambao hawakutoa uamuzi wa kwanza, wakiwemo walimu na wataalamu wa malezi. Na filamu inayofaa watu wazima peke yao ipewe 18, milango ifunguliwe, na mlangoni asimame mtu wa kuangalia vitambulisho.