Mgonjwa Apewe Maelezo, Asipewe Karatasi Tu

Si ajabu siku hizi mgonjwa kukabidhiwa karatasi ya majibu ya damu na kurudi nayo nyumbani bila neno la ziada. Penye herufi ALP huona tarakimu yenye alama kwamba imepita kiwango. Mtu aliyesoma, awe mwalimu au karani, huielewa alama hiyo nusunusu, na nusu iliyobaki huijaza kwa hofu. Mwingine huanza kunywa dawa za kienyeji za “kusafisha ini”, na huenda ini hilo halina ugonjwa wowote. Hali hiyo haina budi kurekebishwa.

ALP ni kifupisho cha jina la kimeng’enya kiitwacho fosfatesi ya alkali. Mwaka 1923 mtaalamu wa Uingereza, Robert Robison, alieleza kwamba huenda kimeng’enya hicho kinashiriki katika ujenzi wa mifupa. Leo inajulikana kuwa kimo pia katika ini, hasa kwenye mirija ya nyongo, na vilevile katika utumbo, figo na kondo la nyuma. Kwa hiyo tarakimu moja tu haiwezi kutaja ni kiungo gani kilichoiongeza. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua.

Kwa watu wazima, maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya uniti 40 na 130 hivi kwa lita, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Mtoto anayerefuka aweza kuwa na mara mbili au tatu ya kiwango hicho, kwa sababu mifupa yake ingali ikijengwa. Mama mjamzito wa miezi ya mwisho naye hupanda, kwa ajili ya kondo la nyuma. Mwanafunzi wa miaka 13 akipimwa kwa kipimo cha baba yake, kilichokosea ni kipimo.

Hata hivyo, kuipuuza alama hiyo ni hatari vilevile. Kijiwe au uvimbe uweza kuziba njia ya nyongo. Upungufu wa vitamini D huilegeza mifupa. Saratani nayo huweza kuenea hadi kwenye ini au mifupa. Baadhi ya dawa, zikiwamo za kifafa, huipandisha tarakimu hiyo. Kushuka kwake hutokea mara chache, na huweza kuashiria utapiamlo, upungufu wa madini ya zinki au ugonjwa wa kurithi.

Njia ya kupambanua ipo. Daktari huweza kurudia kipimo, kisha akapima kimeng’enya kingine kiitwacho GGT. Hicho nacho kikipanda, shaka huelekea kwenye ini na mirija yake. Kikiwa cha kawaida, huelekea zaidi kwenye mifupa. Lakini mwenye macho ya manjano, mkojo mweusi, choo cheupe au mwasho wa mwili mzima asingoje. Aende hospitali mara moja.

Upo udhuru kwamba madaktari ni wachache na foleni ni ndefu. Udhuru huo una ukweli, lakini hautoshi. Sentensi mbili za maelezo huchukua muda mfupi kuliko safari tatu za mgonjwa mwenye wasiwasi. Maabara nazo zichapishe viwango kwa kufuata umri, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Mgonjwa naye ana wajibu. Amweleze daktari dawa anazotumia, mimba aliyo nayo, au mfupa uliovunjika karibuni, kwani mfupa unaounga nao hupandisha ALP. Tena aulize bila kuona haya: “Tarakimu hii ina maana gani kwangu?” Daktari anayejua kazi yake hatachukizwa na swali hilo.