Mbwa Wako Amefungwa Ama Amevaa Tu?

Kuna klipu yangu mnaipenda sana, ile ya Njugu akichomoa kichwa kwenye kola pale getini, ananiangalia kama mtu amemaliza kulipa deni, halafu anatoka mbio. Hiyo klipu ilinilipia kodi ya miezi miwili. Mkaandika kwa komenti ati huyo mbwa ni jambazi, ati ana digrii ambayo mimi niliacha. Nikacheka nanyi. Halafu nikamfunga na kola ile ile, nikitafuta sehemu ya pili.

Sehemu ya pili ilikuja, lakini simu ilikuwa mfukoni. Jioni moja tulikuwa tunatembea kando ya Thika Road hapa Roysambu, Njugu amevaa kola yake ya ngozi yenye miiba ya chuma. Nganya ikapita ikapiga honi ile ya kupasua masikio. Njugu akapiga rivasi. Nikavuta kamba nimrudishe, nikabaki nimeshika kola tupu. Yeye huyo barabarani. Msee wa boda akakanyaga breki, akalala chini na pikipiki yake.

Alichubuka kiwiko na goti, na saidi mira ikavunjika. Kungekuwa na gari nyuma yake, leo ningekuwa naandika kitu kingine. Watu wa steji wakanizunguka na swali moja: mbwa amechanjwa? Alikuwa amechanjwa, cheti kiko kwa keja, lakini nani atangoja uende kuleta cheti? Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Kenya, na ndiyo maana nchi ina mpango wa kukimaliza kufikia 2030. Mtu akiona mbwa anakuja mbio bila kamba, anaokota jiwe. Na simlaumu.

Nililipia dawa na saidi mira. Nikaanza kumweleza yule msee vile mbwa wangu ni msumbufu, vile ameshindikana. Akanisikiza mpaka mwisho, akaangalia ile kola mkononi mwangu, akaniuliza: "Brathe, huyu mbwa alikuwa amefungwa ama alikuwa amevaa tu?"

Manze, sikuwa na jibu. Ile kola niliichagua kwa sababu ya miiba. Inatoka poa kwa picha. Sikuwahi kupima shingo ya Njugu hata siku moja. Mathe aliposikia alisema niliacha chuo mwaka wa tatu na hata kufunga mbwa nimefeli.

Kwa hivyo hapa ndipo nasimama: tuache kusema mbwa ni mjanja. Njugu hakufikiria chochote. Aliogopa. Mbwa akiogopa kitu kilicho mbele anarudi nyuma, anainamisha kichwa, masikio yanalala. Sasa ukivuta kamba kutoka mbele, wewe ndiye unamvua kola. Kama fulana. Na wengi wetu mtaani tuna mbwa wa kienyeji, wembamba, kichwa chembamba, shingo karibu inalingana na kichwa. Kola ya kawaida kwa mbwa kama huyo ni mkufu tu.

Watu waliniambia, basi nunua hanesi, ile ya kuzunguka kifua. Nikanunua ya soo nane, rangi kali, imeandikwa maneno makali ubavuni. (Ndiyo, tena nilinunua luku. Mtu hajifunzi mara moja.) Njugu aliitoka ndani ya wiki. Hanesi nyingi zina mikanda miwili, mmoja shingoni na mmoja nyuma ya miguu ya mbele. Mbwa akirudi nyuma anakunja mabega, kiwiko kimoja kinatoka, cha pili kinafuata, kwisha.

Kinachosaidia ni mkanda wa tatu, ule unaokaa nyuma zaidi, pale mbavu zinapoishia na kiuno kinaanza kuwa chembamba. Fikiria: hanesi ikitaka kutoka kwa kichwa, huo mkanda lazima upite kwanza juu ya kifua, na kifua ni kipana kuliko kiuno. Haupiti. Ukikosa dukani ya mikanda mitatu, usikate tamaa. Mimi nilienda kwa fundi wa mabegi na kipande cha mkanda wa siti ya gari, akauongeza. Akacheka sana, lakini akashona mara mbili.

Kipimo ndicho kila kitu. Chukua futi ya fundi nguo, pima shingo na kifua mahali kipana zaidi, ndipo uende kununua. Ukishamvalisha, vidole viwili vilale chini ya kila mkanda. Ngumi ikiingia, hiyo ni nguo. Na rudia kila wiki, kwa sababu ile plastiki ya kurekebisha urefu huteleza polepole, na mbwa mdogo anakua. Halafu mjaribu ndani ya nyumba, mlango umefungwa: simama mbele yake, shika kamba, mwite kidogo kidogo arudi nyuma. Kama atatoka, atoke hapo kwa sofa, si hapo kwa steji.

Kama mbwa wako hapendi hanesi kabisa, kuna kola inaitwa matingeli. Ina kitanzi cha pili kinachoikaza mbwa akivuta, lakini inafika mahali inasimama. Ukiipima vizuri pale nyuma ya masikio, haipiti kichwa na haimkabi. Usiichanganye na ule mnyororo wa kukaba, ambao hauna mahali pa kusimama. Na usimwache nayo akiwa peke yake, inaweza kunasa kwa geti.

Siku hizi Njugu anavaa vyote viwili, hanesi na kola, na kamba imeshika pete za zote mbili. Moja ikifeli, nyingine ipo. Kwenye kola kuna namba yangu ya simu. Na akipiga rivasi sivuti tena. Namfuata, nalegeza kamba, nashuka chini, naongea naye pole pole. Inaonekana ujinga mbele ya watu wa steji. Nimezoea.

Najua kuna msee atasema hizi ni shida za watu wa Karen, mbwa wa ploti anafungwa na waya mambo yanaisha. Buda, ploti ndipo kuna watoto wengi, boda nyingi, geti linafunguliwa kila dakika. Sisi ndio tunahitaji hii kitu zaidi. Jumla nimetumia kama thao mbili na hanesi ile mbaya imo. Saidi mira na dawa zilikula zaidi.

Ile klipu nimeitoa jana usiku. Nilikaa na kidole juu ya kitufe muda mrefu, sitawadanganya, maana mwisho wa mwezi unakaribia. Yule msee wa boda bado yuko pale steji. Akituona anapiga honi makusudi, Njugu anarudi nyuma hatua mbili, mikanda inashika, na yeye ananionyesha dole gumba.