Programu za seva: bei ni sifuri, gharama ipo

Bei ya programu huria za seva haijapanda wala kushuka: ni sifuri. Apache, inayohudumia kurasa za intaneti tangu 1995, haina ada ya leseni, na hifadhidata za PostgreSQL na MariaDB ni vivyo hivyo. Kwa mwenye duka la jumla au kampuni ya usafirishaji, hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo wahenga walisema rahisi ghali. Katika soko hili gharama haipo kwenye kununua, ipo kwenye kuendesha, na kinachoiamua zaidi ni mfumo endeshi utakaobeba programu hiyo.

Leseni ya Windows Server huhesabiwa kwa viini vya prosesa, kima cha chini kikiwa viini 16 kwa kila seva. Juu yake zipo leseni za watumiaji wa ofisini. Anayeweka Apache hapo kwa nia ya kubana matumizi amepewa kiti bure, akalipia sakafu. Aidha, mradi wa Apache wenyewe hautoi faili la Windows lililo tayari kusimikwa. Huchukuliwa kwa watayarishaji wengine. Wengi hukimbilia XAMPP, ingawa waliyoitengeneza wanasema ni ya kujaribia kazi, si ya kuhudumia wateja.

Kwenye Linux usimikaji ni amri moja, lakini Linux si moja. Katika Debian na Ubuntu programu hiyo huitwa apache2, katika jamii ya Red Hat huitwa httpd, na mafaili ya mipangilio hukaa mahali tofauti. Red Hat pia huja na ulinzi wa SELinux, ambao mafundi wenye haraka huuzima ukurasa ukigoma kufunguka. Kufanya hivyo ni kung'oa komeo kwa sababu mlango ni mzito.

Fundisho kubwa limetoka kwa CentOS. Desemba 2020 ilitangazwa kuwa toleo la 8, lililotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, lingekoma mwisho wa 2021. Toleo la 7 likafuata Juni 30, 2024. Wenye mafundi walihamia AlmaLinux au Rocky Linux bila kulipia leseni. Waliobaki wanaendesha mahesabu na taarifa za wateja juu ya mfumo ambao mradi wake hautoi tena viraka vya usalama.

Hii haina maana kwamba Windows ni hasara kila mahali. Ofisi ambayo leseni imekwisha kulipiwa, na fundi wake anaifahamu Windows barabara, haina sababu ya kuhama kwa kufuata mkumbo. Seva ya Linux isiyo na mwangalizi ni hatari kuliko ya Windows yenye mwenyewe.

Kabla ya kuidhinisha malipo, mfanyabiashara anapaswa kumuuliza fundi mambo matatu: mfumo huu utahudumiwa hadi mwaka gani, nani ataweka viraka fundi akiondoka, na nakala ya akiba ilirudishwa kwa majaribio lini. Fundi asiye na majibu hayo bado hajataja bei kamili ya kazi yake.