Kiungani na Wenye Haki ya Kiswahili Sanifu

Vitabu vingi vielezavyo asili ya Kiswahili Sanifu huanza habari yake mezani. Husemwa kwamba mwaka 1928 wakuu wa serikali na wa misheni walikutana Mombasa wakaichagua lahaja ya Unguja. Kisha mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, ikakagua vitabu vya shule na kuvipa idhini, na toka hapo lugha ikawa na sura moja. Wanaoipenda Sanifu huwashukuru wakuu hao, na wanaoichukia huwalaumu. Lakini wote wawili, mwenye kushukuru na mwenye kulaumu, wamekubaliana jambo moja bila kujua: ya kwamba Sanifu ni kazi ya Wazungu. Kukubaliana huko ndiko kosa lenyewe. Kabla ya meza ya Mombasa palikuwa na bweni la Kiungani, na waliolala bwenini humo walikuwa Waafrika.

Kiungani ni mahali kusini ya mji wa Unguja. Hapo ndipo Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyozaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone katika Cambridge mwaka 1857, ilipojenga Chuo cha Mtakatifu Andrea, chuo cha Kianglikana cha kufundisha makasisi na walimu. Misheni hiyo ilikuwa imekwisha kushindwa bara. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862 katika nchi ya mto Shire, na aliyemfuata, William Tozer, akaihamishia Unguja mwaka 1864 pamoja na Dakta Edward Steere. Mwaka ule ule Seyyid Majid alimpa Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Kazi yote iliyokuja kufanyika Kiungani ilianza na watoto hao watano.

Msomaji na atafakari hali yao na ya wenzao waliowafuata. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wabisa na wengineo, waliotekwa wadogo, wakatembezwa hata pwani, wakauzwa, wakapakiwa majahazini. Kiswahili hawakukinyonya kwa mama zao. Wengi walikisikia kwanza vinywani mwa waliowafunga kamba. Kisha wakawekwa pamoja katika nyumba moja, na Myao hakuweza kusema na Mbisa ila kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili walijifunza kusoma, kwa Kiswahili walisali, kwa Kiswahili waligombana na kupatana. Basi hapo ndipo ilipoonekana hali ambayo leo ni ya mamilioni ya watu katika Tanzania na nchi jirani: watu wa makabila mengi ambao Kiswahili si lugha ya mama zao, lakini ni lugha ya shule yao, ya kazi yao na ya urafiki wao. Ikiwa mtu ataka kumwona mzee wa kwanza wa Kiswahili Sanifu, asimtafute katika orodha ya wajumbe wa kamati. Amtafute miongoni mwa wavulana hao.

Yako majibu mawili ambayo hutolewa kulipinga neno hili, na yote mawili yastahili kusikilizwa.

Jibu la kwanza ni la wale wamsifuo Steere. Husema: sarufi ya Kiswahili cha Unguja ya mwaka 1870 ni ya Steere, hadithi za Kiswahili zilizochapwa mwaka huo huo ni za Steere, kamusi za mwaka 1894 na 1903 ni za A. C. Madan, na kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yatangaza yenyewe kwamba imejengwa juu ya ile ya Madan. Hayo ni kweli, wala hapana sababu ya kuwanyima watu hao sifa zao. Steere alikuwa na sikio kali na subira nyingi. Lakini sikio halina kazi pasipo msemaji. Hadithi zile, kama jina la kitabu chenyewe linavyokiri, zilisimuliwa na wenyeji wa Unguja. Mjini walikuwako wanavyuoni kama Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyejadiliana na wamisionari mambo ya dini kwa elimu isiyopungua yao. Na mtambo wa kupiga chapa wa misheni ulikuwa na vijana wa misheni waliopanga herufi moja moja kwa vidole vyao. Jalada lina nafasi ya jina moja tu. Historia haina udhuru huo.

Ushahidi mkubwa kupita wote umo katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1887, kiitwacho *Kiungani*. Ndani yake wavulana wa shule za misheni wanasimulia nchi zao, kutekwa kwao na safari zao. Jina la Madan limo, kwa kuwa ndiye aliyetafsiri na kuhariri. Wenyewe walioandika wametajwa katika jina refu la kitabu kuwa ni wavulana wa shule za misheni, basi. Na tazama ajabu: maandishi ya nathari ya vijana wa Kiafrika, yaliyotungwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 40 kabla ya Kamati ya Lugha kuzaliwa, yaliwafikia wasomaji kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa leo hufundishwa jina la mfasiri, wala hafundishwi kwamba walikuwako waandishi.

Jibu la pili ni la wale wailaumuo Sanifu, nalo lina uchungu wa haki. Husema kwamba Kiswahili cha misheni kilikuwa kikavu, kwamba kilizipa kisogo Mvita na Lamu, ambako ushairi ulikuwa umekomaa karne nyingi, na kwamba kamati ilipoanza kazi haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Malalamiko hayo hayawezi kufutwa. Kuiacha lahaja ya Muyaka nje ya mlango wa shule kulikuwa hasara. Walakini wenye kulalamika huvuka mpaka wanaposema kwamba Sanifu haina baba wala mama Mwafrika, ati ni lugha ya ofisini. Waliosema hivyo wamewahukumu wavulana wa Kiungani mara ya pili. Mara ya kwanza walinyang'anywa makwao. Sasa wananyang'anywa na lugha waliyoipata badala yake.

Kwa maana kazi yao haikukoma bwenini. Mwaka 1888 Kiungani ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, *Msimulizi*. Waliohitimu walikwenda Magila, Masasi na Nyasa wakiwa walimu na makasisi, wakapeleka huko Kiswahili cha kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Hawakuwa peke yao. Misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukieneza Kiswahili cha kusemwa, na serikali ya Wajerumani nayo ikakitumia katika shule na ofisi. Lakini mwalimu wa Kiungani alikwenda na kitabu na ubao, akakaa kijijini, akafundisha. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika Tanga mwaka 1922, na ndiye aliyeandika kwa Kiswahili habari za safari yake ya Uingereza ya mwaka 1931, alikokwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Wakuu walipokaa Mombasa mwaka 1928, hawakuzua lugha. Waliidhinisha iliyokwisha kutembea kwa miguu ya watu kama hawa. Chuo chenyewe kilikuwa kimehama Kiungani kwenda Minaki, bara, mwaka 1925, miaka mitatu kabla ya mkutano ule.

Wala haifai mtu kudhani kwamba kuwatetea wanafunzi ni kukipamba chuo. Kiungani ilikuwa nyumba ya Wazungu, na amri ilikuwa yao. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, akapata upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Miaka kumi na zaidi alilichunga kanisa la Chitangali, mbali na macho ya askofu. Mtu wa namna hiyo alistahili kuongoza. Lakini kanisa lililozaliwa na misheni hiyo halikumweka Mwafrika wakfu kuwa askofu mpaka mwaka 1963, alipowekwa John Sepeku. Kati ya upadri wa Majaliwa na uaskofu wa Sepeku ni miaka 73. Chuo kilichowaamini Waafrika kwa lugha hakikuwaamini kwa madaraka. Na desturi ile ile ya kumpa Mwafrika kazi na Mzungu jina ndiyo iliyoingia katika historia ya lugha, ikakaa mpaka leo katika mihadhara ya vyuo vyetu wenyewe.

Hapo ndipo lawama inapowageukia wasomi. Wamisionari waliandika kama watu wa zama zao. Je, wanaofundisha leo wana udhuru gani? Katika Dar es Salaam, ambako Kamati ya Lugha ilikuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, mwanafunzi aweza kupata shahada akijua mwaka wa kamusi ya Madan asijue jina la John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, aliyepata ushemasi mwaka 1879. Makaratasi ya misheni yamehifadhiwa Oxford. Watafiti huyafuata huko kutafuta habari za maaskofu, na watafutao sentensi za Kiswahili za wanafunzi ni wachache. Kitabu cha mwaka 1887 chasubiri kurudishwa katika lugha iliyokizaa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala kamati mpya. Yahitaji mtu mmoja mwenye Kiswahili kizuri na haya kidogo.

Lugha ina wenye kuirithi na wenye kuichuma. Watu wa Unguja, Mvita na Lamu waliirithi, na haki yao haina mjadala. Wavulana wa Kiungani waliichuma, kwa bei ambayo hakuna mjumbe wa kamati yoyote aliyelipa. Kila mwana wa bara anayeandika leo kwa Kiswahili bila kuona haya kwamba hakukizaliwa nacho, anasimama mahali walipotangulia kusimama wao. Ni deni. Na deni la namna hii hulipwa kwanza kwa kumtaja anayedai.