Mifupa ya Tendaguru na jina la Boheti

Juma lililopita nilimnunulia mjukuu wangu mnyama wa plastiki katika duka moja hapa mjini Kakamega. Alikuwa na shingo ndefu kama mlingoti, kichwa kidogo, na mkia uliozidi kiwiliwili. Nilipomwuliza kama anamjua mnyama huyo, hakusita: "Ni dinosauri, babu. Walikuwa wakiishi Marekani." Sikumlaumu. Wazazi wake walimwona mnyama wa namna hiyo katika filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, na shuleni hakuna aliyewaambia zaidi.

Hata hivyo, jibu lile lilinichoma. Kiunzi kinachohesabiwa kuwa kirefu kuliko viunzi vyote vya dinosauri vilivyosimamishwa duniani hakikutoka Marekani. Kilitoka Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Kimo chake chapita mita 13, na mfupa wake wa mkono, kutoka begani hadi kiwikoni, peke yake wazidi mita 2. Mnyama huyo aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, kikafumuliwa na kusimamishwa upya mwaka 2007, na mpaka leo wageni humiminika kukitazama.

Kilifikaje huko? Mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa ya Tendaguru mwaka 1906, wakati ambapo nchi ile ilikuwa bado ikivuja damu ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyoletwa na jeshi la mkoloni. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likaendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini jembe na sururu vilishikwa na watu weusi, mamia kwa mamia. Wao ndio waliochimba, wakasafisha, wakafunga mifupa na kuichukua vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa hivyo. Msomaji aliyewahi kubeba gunia la mahindi kutoka shambani hadi barabarani atanielewa.

Msimamizi wa wachimbaji hao aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 1914 Janensch alimpa yule mnyama mkubwa jina la kitaalamu, brancai, kumtukuza Wilhelm von Branca, mkuu wa jumba la makumbusho huko Berlin. Boheti naye alingoja hadi mwaka 2007, ndipo mtaalamu mmoja alipompa dinosauri mwingine wa Tendaguru, anayejulikana kwa mifupa miwili tu ya shingo, jina la Australodocus bohetii. Miaka 93! Yule wa ofisini alienziwa mara moja, na yule wa shimoni akakumbukwa baada ya karibu karne nzima.

Wako wanaodai kiunzi kirudi mara moja, na wako wanaosema tuwashukuru Wajerumani kwa kukitunza. Mimi siungi mkono kundi la pili hata kidogo, kwa maana mwenye kuchukua mali katika nchi aliyoitawala kwa mabavu hastahili shukrani kwa kuitunza. Lakini kwa wa kwanza nauliza: tutakirudisha kwa nani, iwapo mtoto wa Afrika Mashariki hajui hata kwamba ni chake? Madai ya mifupa na yatanguliwe na elimu ya mifupa. Berlin nayo, wakati hayo yakijadiliwa, isomeshe vijana wetu kazi ya maabara na igharimie jumba la maana huko Lindi.

Hapa Kakamega, kwa hakika, hatuna dinosauri. Miamba yetu, pamoja na ule wa Ilesi unaolia kando ya barabara ya Kisumu, ni mikongwe mno kuliko wanyama hao, na walioichokonoa katika miaka ya 1930 walifuata dhahabu. Lakini Kenya si tupu. Katika milima ya Lapur, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, mifupa ya dinosauri imepatikana, na sheria yetu ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi haimruhusu mtu kuihamisha nje apendavyo. Ni wangapi kati ya walimu wetu waliowahi kuitaja darasani?

Wenzetu wa Tanzania wametutangulia, angalau kwa jina. Mwaka 2019 dinosauri mwingine wa shingo ndefu, aliyechimbwa karibu na mto Mtuka kusini-magharibi mwa nchi hiyo, alitangazwa kwa jina la Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa kuwa baadhi ya mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo.

Nilimtajia mjukuu wangu jina hilo. Alicheka, akalirudia mara tatu, kisha akataka kujua Lindi iko wapi. Tuliifungua atlasi yake ya shule. Lindi imo, ufukweni. Tendaguru haimo, na kwa kalamu yangu nilimtilia nukta.